Zumu nyepesi kwa safari ya konje

Konje ikikaribia, wafanyakazi wengi wanauliza swali moja: ninunue objektifu gani kwa kupiga foto za safari? Mwingine anaenda kuona wazazi ku Sandoa ao Dilolo, mwingine anapanda treni ya Kasai, mwingine anapeleka watoto siku moja tu ku ziwa ya Nzilo. Swali iko na maana. Mara mingi objektifu, ile jicho ya apareyi, inakula feza kuliko apareyi yenyewe, na muuzaji anajua kama umetoka kulipwa.

Jibu ni fupi: nunua ile utabeba kila siku bila kuchoka. Objektifu yenye kubaki mu valizi haipigi foto.

Kwanza tuelewane juu ya zumu. Ku telefone nyingi, ukivuta foto na vidole, inakata tu kipande na kukipanua. Uso wa bibi yako unakuwa madoadoa. Zumu ya objektifu inasogeza vioo vya ndani, na foto inabaki safi.

Sasa soma nambari. Milimetre 18 inaingiza jamaa yote na nyumba nyuma yao. 55 inafaa kwa uso wa mutu mumoja. 200 ao 250 inakaribisha pirogi yenye kuwa katikati ya maji. Tena tafuta herufi za kutuliza mutetemeko wa mikono: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, VC kwa Tamron.

Angalia uzito. Canon 18-55 STM iko na gramu 200 hivi. Nikon 55-200 VR II iko na 300, Canon 55-250 STM 375, Tamron 18-200 VC 400. Zote hazifikie nusu kilo ya sukari. Lakini ile Canon nyeupe 70-200 f/2.8 ya wapiga foto wa ndoa inakaribia kilo moja na nusu. Inapokea mwangaza mingi, ni nzuri mu kanisa na mu salle usiku. Kwa safari ya muchana, utalipa bei kubwa kwa kubeba mawe.

Halafu kuna vumbi. Sisi wa Kingamyambo, penye rejets za Kolwezi zililundikwa miaka mingi, hatuhitaji kufundishwa vumbi ni nini. Kila mara unapotoa objektifu, vumbi inaingia ndani ya apareyi. Basi, kama safari ni ya moto na barabara ya udongo, 18-200 moja isiyotoka ku apareyi inashinda objektifu mbili. Ku mwisho wa zumu foto inapoteza ukali kidogo, lakini utaipata. Usivute zumu katikati ya vumbi, maana inanyonya hewa. Funga apareyi mu sashe safi.

Kama mufuko ni mudogo, bakia na 18-55 yenye kuuzwa pamoja na apareyi. Ile 55-250 itangoja. Usikope ku Banki Lambert kwa sababu ya kioo, na usiguse minervali ya watoto.

Kwa okazioni, beba apareyi yako ku muuzaji. Nikon AF-P haitafanya kazi ku apareyi za zamani kama D90. Canon EF-S haiingie ku 5D. Washa torshi ya telefone, angalia ndani ya kioo: nyuzi nyeupe ni kuvu, acha. Zungusha pete: ukisikia muchanga, acha. Piga foto ya kitu cha karibu, kisha cha mbali. Kama haishike, acha.

Na zumu si ruhusa. Mbele ya mulango wa kampuni, daraja, eropoti ao askari, uliza kwanza. Kukaa mbali hakutakulinda.

Kwa nini kujisumbua hivi? Sammy Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alijulikana na kazi yake «Mémoire» ya 2006, penye aliweka foto za zamani za wafanyakazi juu ya viwanda vilivyochakaa. Zile foto alizitoa mu arshivu za kampuni. Babu zetu walipigwa foto na kampuni, kwa hesabu ya kampuni. Leo wewe mwenyewe unaweza kupiga foto ya mama yako mbele ya nyumba yake, na watoto wako watajua alikuwa nani. Wazee hawangoje konje ya mwaka kesho, wala objektifu ya kilo moja na nusu.