Mtetemo wa Mashine Katika Ukataji wa Maada Zinazomeguka

Kioo, kauri, silikoni na gerimani ni maada zinazovunjika bila kupinda kwanza, na kwa sababu hiyo mashine inayozikata hudaiwa utulivu ambao mashine ya kukatia chuma haidaiwi. Chuma kikikatwa kwa ncha inayotetemeka, uso wake hubaki na mawimbi madogo ambayo aghalabu husuguliwa yakaisha. Silikoni ikikatwa vivyo hivyo, nyufa huzama chini ya uso, mahali ambapo jicho halifiki, na lenzi iliyoonekana nzima hutawanya mwanga au hupasuka ikiwa tayari kazini.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kina cha mkato. Mwaka 1991 Thomas Bifano na wenzake nchini Marekani, waliokuwa wakichunguza usagaji wa maada za namna hii, walichapisha kanuni inayounganisha ugumu wa maada, unyumbufu wake na uwezo wake wa kuzuia ufa usienee. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kila maada inayomeguka ina kina ambacho kisipovukwa, maada hiyo hukwanguka kama metali laini badala ya kupasuka. Katika silikoni, ambayo chini ya ncha ya almasi hubanwa kwa shinikizo kubwa kiasi cha kubadili mpangilio wa atomi zake, kina hicho ni makumi au mamia machache tu ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Basi ncha iliyopangiwa kina cha nanomita 100, ikiyumba kwa nanomita 200, inaweza kuvuka mpaka kila inapozama, hata fundi awe hodari namna gani.

Mitetemo yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza husukumwa kutoka nje ya mkato: pampu, lori linalopita barabarani, au mhimili unaozunguka ukiwa na uzito usiolingana pande zote. Mhimili unaozunguka mara 30,000 kwa dakika, kama ule wa mashine za kukatia mabamba ya silikoni, hutikisa mara 500 kwa sekunde, na kasi ikiongezwa maradufu nguvu ya mtikiso huwa mara nne. Aina ya pili hujizalisha yenyewe, kwa kuwa ncha hupita juu ya mawimbi iliyoyaacha katika mzunguko uliotangulia, unene wa mkato ukapanda na kushuka, na mtetemo ukajilisha. Mafundi wengi hupunguza kasi wausikiapo, ilhali hesabu zinaonyesha kwamba wakati mwingine kuiongeza ndiko kunakoutuliza.

Dawa ya msingi huanzia kwenye mwili wa mashine. Chuma cha kusubu kilitumika kwa muda mrefu, lakini mashine nyingi za usahihi wa juu sasa hukalishwa juu ya itale, au juu ya kokoto zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, mchanganyiko unaomeza mtetemo mara kadhaa zaidi kuliko chuma hicho. Mhimili nao huelea juu ya utando wa hewa au mafuta yenye shinikizo, bila gololi za kugongana, na mashine nzima hukaa juu ya mito ya hewa inayoitenga na sakafu.

Ajabu ni kwamba dawa nyingine ni mtetemo wenyewe. Katika miaka ya 1990, Eiji Shamoto na Toshimichi Moriwaki wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, waliitetemesha ncha ya almasi kwa makusudi katika njia ya duaradufu, ili kila mara ichote kidogo kisha iachane na maada. Nguvu za ukataji hupungua sana, na kina salama huongezeka. Hata hivyo, kasi ya ukataji haina budi kuwa ndogo kuliko kasi ya juu ya mtetemo huo, la sivyo ncha haiachani na maada. Kwa hiyo kazi huenda polepole, na viwanda vinavyokata lenzi nyingi kwa siku bado huona afadhali kulipia itale na mihimili ya hewa.