Landrova 109 za Tunduma: tazama springi za mbele kabla ya kupanga bei

WAFANYABIASHARA wanaonunua Landrova 109 za zamani mkoani Songwe kwa nia ya kuzitengeneza na kuziuza, wengi wao huanza na rangi na viti. Mnunuzi anayelijua gari hilo huanza kwingine. Hushika stelingi, huendesha mita mia mbili juu ya lami, kisha huinama kutazama springi za mbele. Bei huamuliwa hapo.

Landrova za "Series", ambazo ndizo watu wengi huziita 109 kwa sababu ya urefu wa inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Zilizofuata, yaani One Ten ya mwaka 1983 na baadaye Defender, zilikuja na springi za koili, nazo zilikoma kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Hivyo basi idadi ya 109 zilizo hai haiwezi kuongezeka, na kila moja inayokatwa kuwa chuma chakavu inapunguza akiba. Tamasha la Landrova lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha wazi kuwa wapo Watanzania wanaolipenda gari hili kwa ajili yake lenyewe, si kwa kubebea magunia tu.

Lakini mazingira ya gari hilo yamebadilika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni lami, na ile ya Mpemba hadi Isongole wilayani Ileje nayo ni lami. Gari lililobuniwa kwa tope na mawe linatakiwa litembee kwa mwendo wa kawaida katikati ya malori ya barabara kuu ya TANZAM, lipande matuta ya Vwawa na Mlowo, na abiria ashuke bila kulalamikia mgongo. Hapo ndipo wazo la kubadili springi za mbele linapoingia, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Springi za asili za 109 ni vyuma bapa vingi vilivyolaliana. Kila chuma kinasugua cha jirani yake, na msuguano huo ndio unaozuia gari kuchezacheza. Vyuma vikishika kutu, msuguano huzidi mpaka springi haipindi tena; gari linapanda tuta kama mkokoteni. Mwenye gari hudhani springi "imechoka", kumbe imeganda. Dawa yake ya kwanza ni kazi ya mikono: kuzifungua, kusafisha kila pande kwa brashi ya waya, kupaka grisi na kuzifunga upya kwa senta bolti mpya.

Wapo mafundi wanaozipasha springi moto wa mkaa na kuzikunja ili zirudi juu. Kazi hiyo ni rahisi na gari husimama vizuri siku ya mauzo. Hata hivyo chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa na kupoozwa kwa kipimo. Kikipashwa ovyo hulegea au huwa kikavu na kukatika. Springi ya mbele ikikatika juu ya lami ekseli inasogea upande mmoja, na gari linafuata ekseli. Kwa mfanyabiashara anayetaka jina lake lidumu sokoni, afadhali springi iliyolala kuliko iliyopikwa.

Chaguo la pili ni springi za paraboliki. Hizi huwa na mapande machache sana, mara nyingi mawili kwa upande wa mbele. Kila pande ni nene katikati na jembamba kwenye ncha, na hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Msuguano ukiondoka, gari linakuwa laini kwa namna inayomshangaza aliyezoea 109. Ila kuna gharama yake. Kwa kuwa msuguano ndio uliokuwa ukisaidia kutuliza gari, sasa kazi hiyo yote inaangukia kwa shokapu. Anayefunga paraboliki na kuacha shokapu za zamani atapata gari linaloyumba kama mtumbwi, kisha atasema springi ni mbovu. Lazima shokapu ziwe mpya na za urefu unaoendana na springi hizo.

Aidha paraboliki hazimfai kila mtu. Mwenye 109 inayobeba mahindi na kahawa kutoka vijiji vya Mbozi, au vifaa vya wachimbaji wa dhahabu huko Mkwajuni, abaki na springi za asili zilizosafishwa. Wauzaji hawapendi kulisema hilo.

Yapo pia mambo madogo yenye faida kuliko springi zenyewe. Gari likitangatanga barabarani, mara nyingi kosa liko kwenye kingpini zilizolegea, ncha za taya-rodi, bushi za shakli zilizokwisha au boksi la stelingi. Springi mpya juu ya kingpini mbovu haziponyi kitu. Matairi nayo yana neno: 109 nyingi hutembea kwa tairi za 7.50-16 za nyuzi za mshazari, na kuhamia tairi za redio za ukubwa uleule hubadilisha stelingi juu ya lami kwa kiasi ambacho wengi hawakitegemei. Na breki za 109 ni za dramu. Gari likilainishwa dereva huongeza mwendo, basi dramu zikaguliwe kwanza.

Kwa hesabu, tuchukue mfano wa kubuni tu. Gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 10. Kingpini, bushi, ncha za taya-rodi na usafishaji wa springi zinagharimu milioni 1.2 pamoja na ufundi. Seti ya paraboliki na shokapu zake, ikishafika Tunduma, inagharimu milioni 3. Ikiwa mnunuzi wa shamba anaongeza milioni 2 kwa gari lililonyooka, kazi ya kwanza inaleta faida ya laki nane; ukiongeza ya pili unapata hasara ya milioni 2.2. Paraboliki zinalipa pale tu mnunuzi anapojulikana mapema kuwa ni mpenzi wa magari ya zamani au kampuni ya utalii.

Kuhusu kuagiza, kifaa kinachopitia bandari ya Dar es Salaam hulipiwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 juu yake. Wengi hutazama Afrika Kusini, kwa kuwa mzigo huja kwa barabara hadi Nakonde na kuvuka kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019. Unafuu wa SADC upo, lakini ni kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi wanachama na yenye cheti cha uasili. Springi ya Uingereza iliyokaa ghalani Johannesburg haigeuki kuwa ya SADC. Zambia ni mwanachama wa COMESA, Tanzania ilijitoa mwaka 2000, kwa hiyo karatasi za COMESA hazisaidii upande huu.

Spea zilizotumika zinazoletwa kutoka Kongo zina mtego mwingine. Springi za mbele za 109 hazilingani: ya upande wa dereva ina mkunjo zaidi, kwa sababu upande huo hubeba uzito zaidi. Kongo stelingi iko kushoto. Pea iliyotolewa huko ikifungwa hapa bila kubadilishana pande, gari litainama, na mnunuzi atadhani chesisi imepinda.

Jambo zito kuliko yote ni namba ya chesisi. Kwenye Landrova hizi namba imegongwa kwenye mkono wa mbele wa kulia wa chesisi, palepale springi inaposhikiliwa. Sehemu hiyo hushika kutu sana, na mchomeleaji asiyejua huikata na kuweka chuma kipya. Namba ikienda na kipande hicho, gari halifanani tena na kadi yake, na hakuna mnunuzi makini atakayelipa bei kamili. Kabla ya mashine ya kukatia kuwashwa, mkono huo usafishwe taratibu, namba isomwe na kulinganishwa na kadi. Vivyo hivyo kwa anayefikiria kuhamishia mwili wa 109 kwenye chesisi ya koili: analainisha gari, lakini ananunua pia kazi ya kuoanisha nyaraka.

Wakati wa kufunga, bolti za shakli zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Vinginevyo bushi hujipinda na gari huwa gumu tangu siku ya kwanza. Yubolti ziwe mpya. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Mbeya na kurudi, zaidi ya kilometa 200, zikazwe tena kabla ya gari kukabidhiwa.