Pipa la Kuoshea Shaba: Mzunguko, Asidi na Maji ya Ziwa Tanganyika

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliondoka kwenye kambi ya Lukuga, ulipo leo mji wa Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika, zikaiteka meli ya Wajerumani Kingani. Kila mashua ilibeba mzinga wa milimita 47, na kila mzinga ulipofyatuliwa uliacha ganda tupu la shaba ya manjano.

Shaba hiyo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, metali mbili ambazo mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulizitoa pamoja kwa miaka mingi. Baruti inapolipuka, kuta za ganda hutanuka na kuziba nafasi ili gesi isivuje nyuma. Kisha hunywea kidogo na ganda likatoka. Metali hiyo hiyo hutumika kutengeneza koki za maji, vali na vinara. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maganda mengi ya mizinga huko Ulaya yaligeuzwa vyombo vya maua.

Tatizo ni uchafu. Masizi ya baruti huganda ndani, oksidi huufanya uso uwe mweusi, na unyevu huleta kutu ya kijani. Kitambaa hakifiki ndani ya ganda wala kwenye pembe za vali. Ndiyo maana fundi hutengeneza pipa linalozunguka likiwa na maji, sabuni, asidi kidogo na vipini vya chuma kisichoshika kutu, vyenye urefu wa milimita 6 hivi na unene wa milimita moja na kitu.

Wengi hudhani kinachosafisha ni kuzunguka. Hapana, ni kuanguka. Ukuta wa pipa hupandisha mzigo upande mmoja, mzigo huporomoka, na katika kuporomoka vipini hupenya ndani ya ganda na kukwangua masizi. Pipa likienda polepole mno, vitu huteleza tu chini. Likienda kasi mno, kila kitu hunata ukutani na hakuna kinachosuguliwa. Mpaka huo una hesabu yake: gawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita. Pipa la bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 20 hunatisha mzigo kwenye mizunguko 95 hivi kwa dakika. Mizunguko kama 60 huliwezesha kufanya kazi vizuri. Hesabu hii ndiyo inayotumika pia kwenye vinu vikubwa vya mipira ya chuma vinavyosaga mawe ya madini.

Mota ya kawaida huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika, kwa hiyo lazima ipunguzwe. Puli ya sentimita 5 kwenye mota, ikivuta kwa mkanda puli ya sentimita 15 kwenye rola, hupunguza kasi mara 3. Rola ya sentimita 2.5, ikisukuma pipa la sentimita 20, huipunguza mara 8 tena. Jibu ni mizunguko 58. Pipa lijazwe nusu tu, ili pabaki nafasi ya kuporomokea.

Asidi ya ndimu huyeyusha oksidi, nayo sabuni huushikilia uchafu majini usirudi kwenye metali. Lakini asidi ikizidi au ikikaa muda mrefu, huondoa zinki na kuacha uso wa waridi. Kalemie ina jambo la ziada: maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9 na yamejaa magnesi, hivyo hupunguza nguvu ya asidi, na yakikaukia juu ya shaba huacha madoa meupe. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua, kisha vifaa vikaushwe mara moja.

Usitumie amonia. Jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka msimu wa mvua. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza sababu: amonia, pamoja na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya metali tangu ilipofinyangwa, hupasua shaba ya manjano. Ganda linaweza kung'aa na huku linaoza ndani.

Masizi ya maganda yaliyotumika mara nyingi yana risasi, metali yenye sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Hapa ndipo pipa la maji linapolishinda pipa kavu: vumbi halipandi hewani wala halivutwi na mtu. Sumu, hata hivyo, haijatoweka, imehamia majini. Vaa glavu, usitumie sufuria wala ndoo ya jikoni, na ganda ambalo halijafyatuliwa au kombora lililookotwa lisiguswe kabisa. Waarifu wenye mamlaka.

Maji hayo meusi yasimwagwe ziwani wala mtaroni. Yaache yatulie, utenge tope lake kwenye chombo kilichofungwa, mbali na watoto. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, nao ni Lukuga, hapo hapo Kalemie. Tunachokitia ndani yake hubaki nasi kwa muda mrefu, na watu wa mji huu wanakunywa maji yake na kula samaki wake.