Programu Iliyotelekezwa na Haki ya Aliyeinunua

Wengi hudhani kwamba programu ya kompyuta, pindi kampuni iliyoiunda inapofilisika au kuacha kuihudumia, huwa mali isiyo na mwenyewe, ambayo kila aipataye ana ruhusa ya kuifungua na kuigeuza atakavyo. Walakini sheria haisemi hivyo, kwani hakimiliki haifi kwa kuwa mwenyewe ameghafilika nayo. Huko Marekani, kazi iliyoundwa na waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, na kampuni ikivunjwa, haki hiyo huangukia mikononi mwa wadai au wanunuzi wa mali zake, ambao aghalabu hata hawana habari kuwa wanayo.

Basi aliyeinunua kwa halali ameachiwa nini? Katika Ulaya ameachiwa haki ya kusahihisha makosa. Tarehe 6 Oktoba 2021, katika shauri baina ya kampuni ya Top System na Serikali ya Ubelgiji, ambayo ofisi yake ya Selor ilikuwa imeifumua programu ili izime sehemu moja yenye hitilafu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mnunuzi halali aweza kufanya hivyo bila idhini ya mwenye hakimiliki. Na mkataba, ijapokuwa waweza kuweka masharti ya namna ya kusahihisha, hauwezi kumfungia njia zote. Kenya nayo, katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliruhusu kunakili programu kwa kadiri ya haja ya kusahihisha makosa, na kuweka nakala ya akiba.

Marekani mambo ni mazito zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 1998 inakataza kulivunja kufuli la kidijitali hata katika kitu ulichokinunua. Mwaka 2015 ilitolewa ruhusa kwa michezo ya video isiyochezeka pasipo seva ya kampuni: ikiwa kampuni imetangaza kuifunga, au seva imezimwa kwa muda usiopungua miezi 6, mnunuzi aweza kulivunja kufuli ili acheze mwenyewe. Lakini ruhusa hiyo hutazamwa upya kila miaka 3, na haimruhusu mtu yeyote kumpa mwenziwe chombo cha kulivunjia. Kwa hiyo asiye fundi amepewa haki asiyoweza kuitumia, jambo ambalo kwa rai yangu ni dhuluma, na wanaotunga sheria wanapaswa kuliondoa.

Nawe msomaji uliye na programu ya namna hii, hifadhi risiti na nakala ya asili, andika tarehe huduma ilipokoma, wala usiigawe uliyoigeuza, kwa kuwa haki hizi zote zinasimama juu ya kuthibitika kwamba uliipata kwa halali.