Uduvi na Ngege Katika Tangi Moja

Ndugu mkulima, swali la mwezi huu halikutoka shambani. Limetoka Kitisuru, upande wa magharibi wa Nairobi, penye nyumba kubwa na ua mrefu. Mwenzenu mmoja wa skimu ana mwanawe afanyaye kazi ya bustani huko. Mwenye nyumba alipohama alimwachia kijana tangi la kioo pamoja na samaki kumi na wawili wa rangi, wengine manjano na wengine buluu. Kijana akafurahi sana. Akachukua sehemu ya mshahara wake akanunua uduvi wekundu thelathini, maana aliambiwa kwamba uduvi husafisha tangi, tena huzaa upesi na watoto wao huuzika. Asubuhi ya nne hakuona uduvi hata mmoja. Baba anauliza: je, walikufa kwa ugonjwa, au maji ya mjini yaliwaua, au waliliwa? Na je, ampelekee mwanawe fedha za kununua wengine?

Fedha zisipelekwe bado. Uduvi hao waliliwa.

Twajuaje? Uduvi aliyekufa kwa maji mabaya hugeuka rangi, akawa mweupe au wa waridi kama aliyepikwa, naye hulala ubavu juu ya mchanga. Kijana hakuona mzoga. Ni kweli kwamba samaki hula mizoga pia, kwa hiyo jambo hilo peke yake si ushahidi wa kutosha. Lakini katika barua ameandika kwamba kwa siku mbili samaki walikataa chakula chao. Samaki aliye mgonjwa hukataa chakula, na samaki aliyeshiba hukataa vilevile. Hawa walikuwa wanene na wachangamfu.

Sasa tazama ni samaki wa namna gani. Kwa maelezo ya barua, hao ni mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa. Wataalamu huwaweka katika jamii iitwayo siklidi, na katika jamii hiyohiyo yumo ngege unayemfuga bwawani mwako. Ni ndugu. Tabia zao pia ni za ndugu. Dume hujichagulia mahali pake, akapafagia kwa mdomo, na mwingine akikaribia hufukuzwa kwa kuumwa. Jike wa mbuna, na jike wa ngege wetu pia, hubeba mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea.

Watu wengine husema mbuna hula majani tu. Kweli, ziwani hukwangua ukoga ulio juu ya mawe. Lakini ndani ya ukoga mna vijidudu vingi, na mbuna hawavitemi. Mnyama yeyote anayeingia mdomoni ni chakula. Tena uduvi ana shida moja kubwa. Ili akue, hana budi kuvua gamba lake, na baada ya kulivua mwili wake huwa laini kwa muda, hawezi kujikinga. Siku hiyo hata samaki mpole humla. Ukiona tangini gamba jembamba, tupu, linaloangaza kama kioo, usidhani ni mzoga. Mwenyewe amejificha.

Huenda utasema: mbona katika Ziwa Viktoria uduvi na samaki hawa huishi pamoja? Ni swali zuri, nasi tungependa kukaa nalo kidogo.

Katika ziwa hilo wamo uduvi wadogo ambao Wajaluo huwaita ochong'a. Wavuvi wa omena huwavuta pamoja na omena katika nyavu zao. Zamani ziwa lilijaa samaki wadogo wa jamii ya ngege, aina mamia, ambao Wajaluo huwaita fulu na watu wa Mwanza huwaita furu. Ochong'a waliishi kati yao, wakaliwa, lakini hawakwisha. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta alitiwa ziwani. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta walikuwa wamezidi sana, na fulu wa aina nyingi wakatoweka. Basi ochong'a wakafanyaje? Waliongezeka mno! Wengi wa wale waliokuwa wakiwala na kugombea chakula nao walikuwa wameondoka. Mbuta wachanga nao wakawageukia ochong'a kuwa chakula chao kikuu, na hata hivyo hawakuwamaliza.

Ochong'a huponea kwa sababu ziwa ni kubwa. Mchana hukaa chini gizani, usiku hupanda juu. Tena huvumilia maji yenye hewa kidogo, ambayo samaki wengi huyakimbia. Pembeni kuna magugu ya kujifichia. Sasa pima tangi la Kitisuru: urefu mita moja, upana sentimita 40, kimo sentimita 50. Hizo ni lita 200, yaani madebe kumi ya lita 20. Ndani yake hakuna giza, hakuna kina, na samaki aweza kutoka pembe hii hadi ile kwa kupiga mkia mara chache. Uduvi atakimbilia wapi?

Kwa hiyo kijana na atafute chombo cha pili. Si lazima kiwe cha kioo. Hata beseni pana la plastiki la lita 40 latosha. Humo aweke uduvi peke yao, kumi tu kwa kuanza, wala asitie samaki hata mmoja. Aweke mawe machache na majani ya majini, hasa kuvumwani. Jike wa uduvi wekundu hubeba mayai ishirini au thelathini chini ya tumbo lake, na baada ya majuma matatu au manne hutoka watoto walio kama wazazi wao kwa umbo, ila ni wadogo mno. Hao hukomaa kwa miezi miwili au mitatu. Maji yakiwa baridi, yote hayo huchelewa, na mwezi wa Julai Kitisuru si mahali pa joto. Watakapojaa ndipo auze, na wale walio wabaya kwa rangi awatupie mbuna. Hapo mbuna watakula uduvi kwa idhini yake.

Lakini asinunue uduvi siku ile anapotia maji. Maji ya bomba yana klorini. Yakae wazi katika ndoo siku moja au mbili. Kisha chombo kikae na majani yake kwa muda wa majuma manne hadi sita, ili viumbe vidogo vinavyoondoa sumu ya kinyesi vipate kuzaliana. Wengi hawana subira hapa. Wakinunua leo na kutia leo, uduvi hufa, nao hulaumu mwuzaji.

Kuna onyo moja ambalo wakulima wa kahawa wataelewa upesi kuliko watu wa mjini. Shaba huua uduvi. Dawa nyingi za kuzuia ugonjwa wa kahawa zina shaba, na mrututu ni shaba. Ndoo au bomba lililotumika kupiga dawa shambani lisiguse maji ya uduvi, hata likioshwa mara tatu. Dawa nyingine za kuponya samaki nazo zina shaba. Samaki atapona na uduvi atakufa. Kijana wa bustani hushika dawa kila juma. Anawe mikono kwanza.

Nawe uliye na bwawa, usidhani habari hii ni ya watu wa mjini tu. Ngege huzaa wangali wadogo, na bwawa likijaa watoto hakuna anayekua. Ndiyo sababu wafugaji wengi hutia kambare wachache ili wale watoto wa ngege. Unatumia kanuni ileile iliyomwangusha kijana, ila wewe unaitumia kwa faida yako. Kambare wanaotiwa wawe wadogo kuliko ngege wazazi, la sivyo utavuna kambare peke yake.

Jambo la mwisho ni zito. Kijana akichoka na tangi asimwage viumbe wake katika mto wala bwawa, na baba asimwombe ampelekee uduvi wa kigeni wa kutia shambani. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Marekani, walitiwa katika Ziwa Naivasha ili wavuliwe na kuuzwa. Biashara ilipatikana, lakini kamba hao walikula mimea ya majini, na wavuvi walilalamika kwamba waliharibu samaki walionaswa nyavuni. Tena huchimba mashimo katika kingo, jambo ambalo mwenye bwawa la udongo halipendi kabisa. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 yataka kibali kabla ya kuingiza samaki wa kigeni. Muulize Afisa wa Uvuvi wa kaunti yako. Na ukihitaji vifaranga vya ngege au vya kambare, kituo cha serikali cha Sagana kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu 1948.

Kuhusu mbuna kumi na wawili, kijana asiwauze bado. Ameandika kwamba jike mmoja ana shavu lililovimba na hali chakula tangu Jumapili. Huyo ana mayai mdomoni. Amtenge peke yake katika chombo kidogo chenye maji ya tangi lilelile, na asimsumbue kwa majuma matatu.