Tiba ya saratani isiusahau moyo

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Makambako

Mwaka jana, baada ya Swala ya Ijumaa, waumini wa msikiti wetu walichanga fedha za kumpeleka mama mmoja Dar es Salaam kutibiwa saratani ya titi. Alhamdulillah, mchango ulitosha nauli yake, nauli ya binti yake na gharama za kujikimu. Alipomaliza dozi na kurejea, binti alituletea ombi la pili: daktari ameagiza mama yake apimwe moyo tena baada ya miezi mitatu, na nauli hawana. Mzee mmoja akauliza, "Kwani anaumwa titi au anaumwa moyo?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ombi likaahirishwa, na aliyeandika neno hilo katika kitabu cha mihutasari ni mimi.

Haukupita muda, mama yule akaanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kila alipopanda mwinuko wa kwenda kwake. Majirani walisema ni baridi ya huku kwetu. Akanunuliwa dawa za kifua. Ilipofika hatua ya kulala ameegemea mito kwa kushindwa kulala chali, ndipo alipopelekwa hospitali na kubainika kuwa moyo wake umedhoofika. Kwa rehema za Allah (S.W.) alipata dawa na sasa anajipikia mwenyewe. Lakini swali la mzee wetu lilinikaa moyoni, nikaanza kutafuta jibu lake.

Dawa zinavyougusa moyo

Jibu ni kwamba baadhi ya tiba zinazoiangamiza saratani zinaweza pia kuudhuru moyo. Ya kwanza ni dripu nyekundu iitwayo doksorubisini, inayotumika sana kwa saratani ya titi na nyinginezo. Madhara yake kwa msuli wa moyo huongezeka kadiri jumla ya dawa iliyoingia mwilini inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo madaktari huihesabu tangu dozi ya kwanza, na dalili zinaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya tiba kwisha.

Ya pili ni trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hutolewa kwa baadhi tu ya wagonjwa wa saratani ya titi, baada ya uvimbe wao kupimwa na kuonekana kuwa wa aina inayoitikia dawa hiyo. Nayo inaweza kupunguza nguvu ya moyo ya kusukuma damu, ila mara nyingi moyo hurejea katika hali nzuri tatizo likigunduliwa mapema.

Ya tatu ni tiba mpya ya kuamsha kinga ya mwili, ambayo kwa bei yake bado ni wachache wanaoimudu. Wakazi wa Njombe tumelizoea neno "askari wa mwili" kutokana na elimu ya UKIMWI. Basi askari hao wana breki zinazowazuia wasiushambulie mwili wenyewe, na saratani hujificha kwa kuzikanyaga breki hizo. Dawa hizi huziachia, askari wakaishambulia saratani. Wanasayansi James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua njia hiyo.

Hata hivyo, askari walioachiwa breki wanaweza kuugeukia moyo. Hutokea kwa takribani mgonjwa mmoja katika kila mia, na mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Uvimbe huo wa msuli wa moyo ni hatari mno: tafiti za awali zilionesha kuwa karibu nusu ya waliopatwa nao walifariki. Ukigunduliwa mapema, daktari husimamisha dawa na kumpa mgonjwa dawa kali za kutuliza kinga.

Yatupasayo kufanya

Ndugu msomaji, haya si maneno ya kumkimbiza mtu tiba. Saratani isiyotibiwa inaua, na wengi wanaopata dawa hizi hawapatwi na maradhi ya moyo. Kinachotakiwa ni moyo kupimwa kabla ya tiba, wakati wa tiba na baada yake, kama daktari atakavyoagiza. Kipimo kikuu ni ultrasaundi ya moyo, maarufu kama eko, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kabla amweleze daktari mapema.

Familia iziangalie dalili: kuishiwa pumzi, miguu kuvimba, maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda mbio na uchovu usio wa kawaida. Zikitokea, mgonjwa awahi hospitali, asiache wala asibadili dawa kwa uamuzi wake. Aonyeshe karatasi za matibabu hata kwa mhudumu wa zahanati, maana asiyejua kwamba uliwahi kutibiwa saratani atatibu kifua. Na Ramadhani ikifika, mgonjwa azungumze na daktari wake kabla ya kufunga au kubadili saa za dawa. Dini imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa baadaye.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, zote ziko Dar es Salaam. Kutoka Makambako ni zaidi ya kilometa 600, na anayetoka Njombe mjini huongeza takribani 60. Kwa familia ya mkulima wa viazi au mbao za kubahatisha, nauli ya safari ya pili ndiyo huikatisha tiba.

Katika kikao chetu kilichopita nililirejesha ombi lile mezani. Mzee yule yule ndiye aliyelipendekeza lipite. Sasa tunapomchangia mgonjwa wa saratani, tunahesabu safari ya matibabu na safari ya kipimo cha moyo kwa pamoja, kabla hajapanda basi. Misikiti mingine ya mkoa wetu nayo, Insha Allah, ilitazame jambo hili.