Ukaguzi wa Ndani Uanze Lini?

Katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, malori ya mizigo hupimwa kwenye mizani ya Gilgil. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake pia. Msafirishaji mzoefu hangoji kufika hapo ndipo ajue amebeba nini. Hupima mzigo ungali ghalani, ambapo gunia lililozidi huteremshwa bila faini. Ukaguzi wa ndani una kazi iyo hiyo katika mfumo wa usimamizi wa ubora. Linalozua utata ni wakati wake: je, uanze hati zote zikishaandikwa, au mapema zaidi?

Swali hili lilipata uzito nchini Kenya baada ya 2004, serikali ilipotia saini kandarasi za utendakazi na mashirika 16 ya umma. Baadaye cheti cha ISO 9001 kilikuja kuwa miongoni mwa vigezo vya kandarasi hizo. Cheti kikishapewa tarehe ya mwisho, kishawishi ni kikubwa cha kuusukuma ukaguzi wa ndani hadi wiki za mwisho, nao ukageuka zoezi la kujaza fomu.

Kiwango chenyewe hakitaji mwezi wala juma. ISO 9001, toleo la 2015, kinadai katika kifungu cha 9.2 kwamba ukaguzi ufanywe kwa vipindi vilivyopangwa, ili ijulikane kama mfumo unakidhi matakwa na kama unatekelezwa ipasavyo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye jibu, kwani utekelezaji haukaguliwi kabla haujakuwapo.

Karibu na mji wa Gilgil, huko Kariandusi, kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na maganda ya mwani mdogo mno wa ziwa la kale. Na tuchukulie kiwanda cha kubuni kinachokausha, kusaga na kupakia udongo wa aina hiyo. Utaratibu wa ukaushaji ukiidhinishwa Jumatatu na kukaguliwa Jumanne, mkaguzi ataona karatasi tu. Baada ya wiki sita, hata hivyo, daftari la unyevu limejaa. Anaweza kuchagua magunia kumi ghalani na kuyafuata nyuma hadi siku yalipokaushwa. Huenda akagundua kwamba kipimo cha unyevu hakijahakikiwa usahihi wake tangu kinunuliwe. Maadamu utaratibu wa upakiaji ungali rasimu, suala la kuhakiki mizani ya magunia litaingizwa humo mara moja. Ukaguzi ukicheleweshwa, kosa hilo hilo litakuwa limenakiliwa katika kila idara, na magunia yamekwisha kumfikia mnunuzi.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa popote. Mfanyakazi anayekaguliwa kwa mara ya kwanza mkesha wa kufika wageni hujifunza kuficha. Anayekaguliwa mapema, akaona upungufu aliousema umerekebishwa bila yeye kuadhibiwa, hana sababu ya kughushi daftari.

Tathmini ya awali ya mapengo, ambayo hufanywa kabla ya lolote kujengwa, isichanganywe na ukaguzi huu. Aidha, mtu hakagui kazi yake mwenyewe. Katika kiwanda kidogo, msimamizi wa ukaushaji anaweza kukagua upakiaji na mwenzake akakagua ukaushaji, almuradi wote wawili wamefunzwa.

Katika hatua ya kwanza ya ukaguzi wa cheti, wakaguzi wa nje huangalia kama ukaguzi wa ndani na mapitio ya uongozi vinapangwa na kufanywa. Ni busara basi shughuli zote ziwe zimepitiwa walau mara moja na hatua za marekebisho kuchukuliwa, kisha uongozi ukae kuyajadili matokeo. Hayo huchukua miezi. Kiwanda kinachomtarajia mkaguzi wa nje Novemba kingefanya vyema kuanza kukagua ukaushaji Mei, hata kama utaratibu wa upakiaji haujaidhinishwa.